Leseni ya Mwalimu Breki: Mama Mkwe Apanda Kizimbani

Mlango wa mahakama tuliouacha umefunguka nusu, sasa umefunguka wote. Aliyeingia ni mama mkwe.

Ndiyo, mama mkwe! Wewe uliyemwekea dau jirani yako kwamba ataingia askari, pole. Na wewe uliyesema ataingia mke wa pili, hapa hakuna mke wa pili. Huyo mmoja mambo yake utayaona mbele. Shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka ni mama mzazi wa mke wa Mwalimu Breki, mkunga mstaafu wa miaka sitini na mitatu, mkoba kwapani, miwani imening'inia shingoni kwa kamba.

Breki alishika ubao wa kizimba. Alikuwa na hakika mama huyu hatakuja. Tangu lini mtu akatoa ushahidi dhidi ya mkwewe mahakamani?

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, habari ni hii. Breki ni mwalimu wa udereva. Gari la shule lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine miguuni pa mwalimu, na yeye ya kwake anaikanyaga hata gari likiwa limezimwa. Ndipo wanafunzi wakampa jina. Jumapili moja saa nne asubuhi gari lile lilisimama kwenye kizuizi cha polisi. Kwenye usukani alikuwa mwanafunzi. Kwenye kiti cha mwalimu alikuwa Breki, amelala mdomo wazi, ananuka pombe. Alipoamshwa na kupulizishwa kile kifaa cha kupimia pombe, kifaa kilisoma mara mbili na nusu ya kiwango kinachoruhusiwa.

Akashtakiwa kwa kuongoza gari akiwa amelewa. Akipatikana na hatia, leseni inaondoka. Leseni ikiondoka, kibali cha kufundishia nacho kinaifuata, na Breki hajui kazi nyingine chini ya jua. Hajui hata kukaanga yai.

Utetezi alikuwa nao mmoja tu, na aliupata kwa fundi wa matairi wa jirani na shule, mtu anayejiita wakili kwa kuwa ameshawahi kushtakiwa mara nne na kushinda mara moja. "Wewe ulikuwa abiria, bwana!" fundi alimwambia. "Abiria kulewa si kosa. Lingekuwa kosa, mabasi yangesafiri matupu."

Basi tuendelee.

Mama mkwe alipanda kizimba cha mashahidi, akaweka mkoba chini, akavaa miwani. Akamtazama mkwewe kule kizimba cha pili.

"Shikamoo, mama," ilimtoka Breki kwa mazoea.

"Marahaba, baba. Umekunywa chai?"

"Mshtakiwa, kimya!" karani alifoka.

"Amenisalimu tu," mama mkwe alimwambia karani. "Ulitaka anipite kama nguzo?"

Hakimu alikohoa. Mwendesha mashtaka, mwanamke mwembamba mwenye kalamu sikioni, akasimama haraka kabla mambo hayajaharibika zaidi.

"Mama, asubuhi ile nani alikuwa anaendesha gari?"

"Mimi."

Breki nusura apige makofi. Swali la kwanza tu, na utetezi wake umetoka mdomoni kwa shahidi wa adui! Kule nyuma fundi wa matairi aliinua dole gumba mpaka askari wa mlangoni akamwonya.

"Na mshtakiwa alikuwa anafanya nini?"

"Amelala."

"Usingizi wa namna gani?"

"Wa kukoroma. Mwanzo nilidhani ni injini. Nikasimama pembeni nikasikiliza. Injini ilikuwa nzima kabisa."

Watu walicheka. Breki aliinamisha kichwa akajifanya anasoma hati ya mashtaka, ambayo alikuwa ameishika juu chini.

"Ulijuaje kuwa amelewa?"

"Mwanangu, nimezalisha wanawake miaka thelathini na mmoja. Kina baba walikuwa wanakuja wodini wananuka kila aina ya pombe. Harufu hiyo naijua kuliko ya sabuni." Kisha akamgeukia hakimu, maana hakutaka mkwewe aonekane vibaya. "Lakini si mlevi, mheshimiwa. Jana yake walikuwa wanamuaga mwenzao aliyestaafu. Mimi nilimwambia tuahirishe somo. Akaniambia, mama, wala usijali, mimi nafundisha hata nikiwa usingizini."

"Na akafanya hivyo," hakimu alisema.

"Akafanya hivyo."

Hapo Breki alitamani sakafu ipasuke immeze. Ubaya wa mama mkwe huyu ni kwamba alikuwa anamtetea! Angekuja na chuki angalau mtu angejua pa kujikinga. Alikuja na huruma na ukweli, na vyote viwili vilikuwa vinamkaanga.

"Mlikwenda wapi?" mwendesha mashtaka aliuliza.

"Moja kwa moja."

"Wapi, mama?"

"Moja kwa moja, mwanangu. Mwalimu alisema twende moja kwa moja, halafu akalala. Hakusema pinda. Na sheria ya kwanza ya darasani ni kwamba mwanafunzi hapindi mpaka aambiwe. Nikawa nangoja kuambiwa."

"Mlingoja kwa umbali gani?"

"Kilomita arobaini na mbili. Nilipita sokoni, nikapita kiwanda cha saruji, nikapita mji ambao hata jina siujui. Watu wake walinipungia mkono. Pale kizuizini nilisimama kwa kuwa kibao kilisema simama. Kingesema pita, ningepita."

Hakimu alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu, uso ameuinamisha, mabega yanatikisika. Alipoivaa tena alikuwa hakimu kamili.

"Mshtakiwa, una swali kwa shahidi?"

Swali! Ndiyo, alikuwa nalo. Fundi wa matairi alikuwa amemkaririsha wiki nzima. Lakini ni jambo moja kulikariri mbele ya lundo la matairi, na jingine kumuuliza mama wa mkeo, mtu ambaye miaka kumi na mmoja hujawahi kumpinga hata bei ya nyanya.

"Mama, samahani sana. Usinielewe vibaya."

"Uliza, baba, usiogope."

"Siku ile mimi niligusa usukani?"

"Hapana."

"Niligusa gia?"

"Hata."

"Breki je?"

"Hata breki hukuigusa. Na hilo ndilo lililonishangaza."

"Kwa hiyo, mama, kwa heshima zote," Breki alimeza mate, "mimi nilikuwa abiria tu."

Mama mkwe alifikiri. Kusema uongo hakuweza, kumwangusha mkwewe hakutaka. Alitafuta katikati akapaona.

"Ukitaka kuitwa abiria, baba, mimi sina pingamizi. Ulikaa kama abiria."

"Sina swali zaidi, mheshimiwa!" Breki akapaza sauti. Kifua kikapanda. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile aliiona leseni yake, iliyokuwa ndani ya bahasha ya kaki juu ya meza ya karani, ikiwa kama imeshaanza kurudi mfukoni.

Furaha ya Breki, msomaji wangu, huwa haina mafuta ya kufika mbali.

Mwendesha mashtaka alisimama tena. Safari hii kalamu aliitoa sikioni.

"Mama, una leseni?"

"Ninayo. Ya kujifunzia."

"Tusomee nyuma yake."

Mama mkwe alifungua mkoba. Akatoa kitambaa, akatoa funguo, akatoa kikaratasi kilichotiwa kwenye nailoni kama cheti cha kuzaliwa. Akasoma taratibu, neno kwa neno. "Mwenye leseni hii haruhusiwi kuendesha gari barabarani isipokuwa akiwa pamoja na mwalimu mwenye leseni anayemwongoza."

"Na siku ile pembeni yako alikuwapo nani?"

"Abiria," mama mkwe alijibu kwa uaminifu, akamtabasamia mkwewe. "Si umemsikia mwenyewe?"

Watu waliguna chumba kizima. Breki peke yake ndiye aliyekuwa bado hajaelewa. Alikuwa anamrudishia mama mkwe tabasamu.

Hakimu aliandika, akaandika, akapiga mstari. Kisha akainua uso.

"Mshtakiwa, umeona ulichojenga?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Kama wewe ulikuwa abiria, basi gari halikuwa na mwalimu. Kama gari halikuwa na mwalimu, huyu mama ameendesha kilomita arobaini na mbili kwenye barabara kuu kinyume cha leseni yake, na mlevi pembeni. Hilo nalo ni kosa, na ni kosa lake yeye. Leseni ya kujifunzia inafutwa leo hii, na mtihani hafanyi kwa miaka miwili." Akamgeukia mama mkwe, sauti ikashuka. "Mama, mtihani wako ni lini?"

"Kesho, mheshimiwa," alisema mama mkwe. "Saa tatu asubuhi."

Hakutabasamu tena. Alikitazama kile kikaratasi cha nailoni, akakifunika kwa kiganja.

Jamani, huyu mama alikuwa na hadithi yake. Miaka thelathini na mmoja alitembea kwa miguu kwenda kuzalisha, mvua na jua, mara nyingine akitangulia kufika kuliko waliopanda gari. Marehemu mumewe alikuwa na gari uani, na neno lake lilikuwa moja: mwanamke na usukani wapi na wapi. Alipokufa, mjane akamaliza eda, akauza gari lile, akajiandikisha shule ya udereva. Alimchagua mkwewe makusudi, ili asichekwe na watu baki.

Breki alikuwa anayajua yote hayo. Sasa ndipo yalipompanda kichwani kwa pamoja, na jasho likaanza kumtoka.

Njia zilikuwa mbili tu. Akishikilia uabiria, leseni yake inatoka kwenye ile bahasha, anarudi kazini Jumatatu, na mama mkwe anahama kizimba. Akiuachia, mama anakwenda mtihani wake kesho, na yeye anakwenda nyumbani bila leseni, bila kibali, bila kazi.

Kule nyuma fundi wa matairi alikaza ngumi. "Shikilia hapo hapo!" ilisema ngumi hiyo.

Mkewe alikuwa benchi la pili. Hakukunja uso, hakulia, hakumpa ishara yoyote. Alimtazama tu, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayengoja sufuria ichemke. Hilo lilimtisha Breki kuliko ngumi ya fundi.

Halafu akaona aibu. Si ile ya kuchekwa; hiyo alikuwa ameshaizoea tangu asubuhi. Ilikuwa aibu ya mtu aliyewaambia wanafunzi wake kwa miaka kumi na minne, siku ya kwanza, kabla hata hawajafunga mkanda: ndani ya gari hili dereva ni mimi, wewe umeshika usukani tu. Alikuwa analisema kwa majivuno, kidole juu. Na siku lilipotakiwa kuwa na maana, anamsukumia mama wa watu.

"Mheshimiwa," alisema, "nabadilisha maneno yangu."

"Kuwa nini?"

"Mwongozaji wa gari nilikuwa mimi."

"Ulikuwa umelala."

"Nilikuwa nimelala kazini, mheshimiwa."

"Kwa sababu?"

"Kwa sababu nilikuwa nimelewa."

"Hilo ndilo kosa lenyewe," hakimu alisema, akashika kalamu. "Ungesema hivyo saa tatu, sasa hivi sote tungekuwa tunakunywa chai."

Mama mkwe alinyanyuka. "Mkwe wangu, usijisingizie kwa ajili yangu! Mimi mtihani naweza kungoja. Nimengoja miaka arobaini..."

"Mama, kaa chini."

Alikuwa hajawahi kumwambia hivyo maishani. Watu wote walimsikia. Mama mkwe naye akakaa, mkono mdomoni, machozi yanamlengalenga.

Hukumu haikuchukua muda. Hakimu aliisoma kama mtu anayesoma risiti.

Faini. Leseni kufungiwa mwaka mmoja. Kosa kuandikwa kwenye kumbukumbu zake, ambako halitafutika upesi. Kibali cha kufundishia kufutwa, na ombi jipya lisiletwe kabla ya miaka mitatu.

"Na mwaka ukiisha, mheshimiwa, nakuja kuichukua?" Breki aliuliza.

"Kuichukua wapi? Mwaka ukiisha unaanza upya. Utahudhuria darasa la madhara ya pombe, utapima macho, utakata leseni ya kujifunzia, utabandika alama ya mwanafunzi nyuma ya gari, utafanya mtihani wa barabarani. Kama mtu yeyote."

"Mimi?"

"Wewe."

"Mheshimiwa, nusu ya walimu wa udereva wa mji huu nimewafundisha mimi. Nani atanifundisha?"

"Chagua yule uliyemfundisha vizuri."

"Na huu mwaka mzima, siruhusiwi hata kulisogeza gari uani lioshwe?"

"Lisukume," hakimu alisema, akafunga jalada.

Karani alifungua bahasha ya kaki, akaitoa leseni, akaipiga muhuri mwekundu katikati. Breki aliiona picha yake ya ujana, ile yenye nywele nyingi, ikipigwa muhuri kwenye paji la uso. Ikarudi ndani ya bahasha, bahasha ikaingia kabatini, kabati likafungwa. Kazi ya miaka kumi na minne, na karani hata hakuinua macho.

Nje kwenye baraza fundi wa matairi alikuwa ameshayeyuka. Mawakili wa aina ile hawangoji hukumu kukauka wino.

Mama mkwe alimshika Breki mkono kwa mikono yake miwili. "Mwanangu," alimwambia, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita mwanangu badala ya mkwe.  Breki aliitikia kwa kichwa.

Mara akatokea tajiri wa shule ya udereva, mtu mnene anayehema kwa mdomo, kutokea ofisi ya vielelezo. Gari la shule, lililokuwa limezuiliwa tangu Jumapili ile, lilikuwa limeachiwa. Funguo zilikuwa zinaning'inia kidoleni kwake.

Breki, kwa mazoea, alinyoosha mkono kuzipokea.

Tajiri aliupita ule mkono. Akasimama mbele ya mke wa Breki, akampa yeye funguo.

"Mwalimu, gari lako hili hapa," alisema. "Kama tulivyokubaliana."

Breki aligeuka nyuma kuangalia ni mwalimu gani anayeambiwa. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

"Mlikubaliana nini?" aliuliza. "Lini? Hukumu si imetoka sasa hivi!"

"Jumatatu," tajiri alijibu.

"Leo ni Jumatano!"

"Ndiyo maana nasema Jumatatu." Tajiri alimpigapiga bega, bila ubaya wowote. "Biashara haingoji, bwana. Pole sana." Akaondoka zake anahema.

Mke wa Breki alifungua mkoba akatoa kadi mbili, akamwekea mumewe kiganjani, moja juu ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa leseni ya udereva, yenye picha yake na jina lake, na tarehe ya miaka minne iliyopita. Ya pili ilikuwa kibali cha kufundishia. Wino wake ulikuwa bado unang'aa. Kilikuwa na umri wa miezi miwili.

Breki alisoma. Akarudia kusoma. Akageuza nyuma kuona kama kuna mzaha umeandikwa.

"Miaka minne?" sauti yake ilikuwa nyembamba. "Miaka minne iliyopita wewe ulikuwa unakwenda kwenye ushonaji. Jumanne na Alhamisi, mwaka mzima!"

"Umewahi kuona nguo hata moja?"

Breki alifikiri. Kweli hakuwahi kuona hata kitambaa cha meza.

"Nilikuomba unifundishe mara tatu," mkewe alisema. Hakupandisha sauti. "Mara ya kwanza ulicheka. Mara ya pili ulicheka. Mara ya tatu uliwaita rafiki zako nao wakacheka. Nikaona nisikuchoshe."

"Mama," Breki alimgeukia mama mkwe, "na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua, baba. Mambo ya ndani ya ndoa za watu siingilii."

"Lakini kama mwanao ni mwalimu, kwa nini ulikuja kujifunza kwangu?"

"Alikuwa bado hataki ujue. Na mimi nilisema, si familia ni hiyo hiyo?"

Mlango wa gari ulifunguliwa. "Mama, kaa kwenye usukani," mkewe alisema. "Una mtihani kesho, tupige zoezi kidogo." Yeye mwenyewe alizunguka, akaketi kiti cha mwalimu, akakivuta mbele, kilikuwa kimerudishwa nyuma sana kwa ajili ya tumbo la mtu mwingine. Akatengeneza kioo. Akajaribu breki ya mguuni mara moja tu, taratibu.

Kilichobaki kilikuwa kiti cha nyuma. Breki alipanda, magoti yakamgusa kidevu. Hakuwahi kukaa nyuma ya gari lile. Hakujua kwamba kunabana kiasi kile.

Gari likaondoka bila kustuka hata kidogo. Mama mkwe alibadilisha gia vizuri, akawasha taa ya ishara kabla ya kuingia barabarani, akampisha mwenye baiskeli. Binti yake alikuwa anamwelekeza kwa maneno mawili matatu, kwa utulivu, bila kufoka. Breki alisikiliza. Alikuwa ameshafundisha watu zaidi ya elfu moja, na ule ufundishaji haukuwa wa kwake. Wala haukuwa wa mwalimu yeyote aliyemjua mjini, na aliwajua wote.

Wivu ulimshika, wivu mtupu, kuliko hata uchungu wa leseni.

"Nani alikufundisha?" aliuliza.

Mkewe alimwelekeza mama yake apunguze mwendo.

"Mke wangu, nakuuliza. Jumanne na Alhamisi, mwaka mzima, gari la nani? Pembeni yako alikaa nani?"

"Mwambie sasa, mwanangu," mama mkwe alisema, macho barabarani, mikono miwili juu ya usukani, "kabla hatujafika kwake."

"Kwake nani?" Breki alipiga kelele.

Mkewe alikuwa anaangalia kioo cha pembeni.

"Wewe wa nyuma," alisema, "funga mkanda kwanza."